'Live in Leipzig': Albamu iliyohifadhi sauti ya marehemu

'LIVE in Leipzig' ni albamu ya kundi la Mayhem kutoka Norwe, iliyorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Eiskeller mjini Leipzig, Ujerumani, mnamo Novemba 26, 1990. Ilitolewa mwaka wa 1993, na inaenziwa mno na wapenzi wa blaki metali, tawi la muziki wa roki lenye magitaa makali, ngoma za kasi na uimbaji wa mayowe.

Mayhem iliundwa mwaka wa 1984. Usiku huo jukwaani walikuwa wanne, wote wakijulikana kwa majina ya kisanii: Euronymous kwenye gitaa, Necrobutcher kwenye gitaa la besi, Hellhammer kwenye ngoma, na Dead, aliyekuwa mwimbaji.

Dead, ambaye jina lake halisi lilikuwa Per Yngve Ohlin, alikuwa raia wa Sweden aliyejiunga na wenzake mwaka wa 1988. Alizoea kujipaka uso rangi nyeupe na nyeusi ili afanane na maiti, na inasemekana alizifukia nguo zake ardhini kabla ya kupanda jukwaani. Mtindo huo wa kujipaka rangi uliigwa na makundi mengi baadaye.

Albamu hii ina nyimbo za zamani kama vile 'Deathcrush', na nyingine zilizokuwa bado mpya, zikiwemo 'Freezing Moon' na 'Funeral Fog'. Nyimbo hizo mpya zilikuja kusikika katika albamu ya studio, 'De Mysteriis Dom Sathanas', ya mwaka wa 1994. Hata hivyo, aliyeziimba humo ni Attila Csihar wa Hungary.

Sababu ni msiba. Mnamo Aprili 8, 1991, Dead alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 22, kabla ya kukamilisha albamu nzima ya studio na kundi hilo. Kisha Agosti 10, 1993, Euronymous aliuawa kwa kudungwa kisu jijini Oslo. Muuaji, Varg Vikernes, ambaye alikuwa amepiga besi katika albamu hiyo ya studio, alihukumiwa kifungo cha miaka 21 mwaka wa 1994, akaachiliwa mwaka wa 2009.

Ubora wa sauti katika 'Live in Leipzig' ni hafifu. Ala husikika zikimezana, na hakuna marekebisho ya studio ya kuficha kasoro. Lakini thamani yake haimo katika usafi wa sauti. Mara nyingi Mayhem hutajwa kwa sababu ya vifo na uhalifu, kana kwamba muziki wenyewe haukuwapo. Albamu hii yathibitisha kwamba kabla ya hayo yote palikuwa na vijana wanne waliokuwa kazini, na mwimbaji wao angali hai.