Uhuru wa Dini ni wa Nani? Bima ya Afya, Uzazi na Hospitali za Misheni Bukoba na Muleba

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika Wilaya ya Muleba, mama wa Kiislamu akishikwa na uchungu mzito hupelekwa Rubya au Kagondo, hospitali za Kanisa Katoliki, au Ndolage, hospitali ya Walutheri. Hili si jambo la aibu, na wala hatuandiki kulaumu. Watoto wetu wengi wamezaliwa mikononi mwa masista na wakunga wa hospitali hizo, na dini yetu inatufundisha kumshukuru aliyetutendea wema. Lakini kuna suala ambalo maimamu na wanafunzi wetu wanapaswa kulijua kwa historia yake na kwa fiqhi yake. Mama huyo akiambiwa na daktari kwamba mimba nyingine mapema itamhatarisha, na akataka njia ya kuchelewesha uzazi, hospitali ya Kikatoliki humfundisha kuhesabu siku tu. Njia nyingine haitoi, kwa sababu Papa Paulo VI alizikataza katika waraka wake wa Humanae Vitae wa mwaka 1968. Je, huo ni uhuru wa dini? Kama ndio, ni uhuru wa dini ya nani?

Tulifikaje hapa?

Mji wa Bukoba ulianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Uislamu ulikuwa umekwishatangulia kuingia kwa njia ya wafanyabiashara waliopita Karagwe, na kwa njia ya Buganda. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wakafuata baadaye. Wamisheni walijenga kanisa, shule na dawa pamoja. Waislamu walijenga misikiti na vyuo vya Qur'ani, lakini vitanda vya wagonjwa hawakuwa navyo.

Baada ya Uhuru, Serikali ilitaifisha shule za mashirika ya dini, lakini hospitali zao nyingi ziliachwa mikononi mwao. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ikazuia tiba ya biashara, ikawaachia nafasi mashirika yasiyotafuta faida, na mengi ya hayo ni ya makanisa. Baadhi ya hospitali za misheni zikafanywa Hospitali Teule za Wilaya, na Rubya ikawa Hospitali Teule ya Muleba. Maana yake ni kwamba jengo ni la Kanisa, lakini Serikali inachangia mishahara ya watumishi na gharama za uendeshaji. Mwaka 1992 Serikali ikatia saini Hati ya Makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo kuhusu huduma za jamii. Waislamu wamelalamikia hati hiyo kwa miaka mingi, na malalamiko hayo yana msingi: fedha ni ya umma, na umma una dini zaidi ya moja.

Kisha ikaja bima. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999, na utekelezaji wake ukaanza mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali Kuu. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: 3 za mtumishi na 3 za mwajiri. Mwalimu wa kike wa Muleba anakatwa kila mwezi, apende asipende. Akiugua, kadi yake inampeleka katika hospitali iliyo karibu naye, na mwenye hospitali hiyo ana dini yake.

Buhaya na uchungu wa uzazi

Wako watu wakisikia "uzazi wa mpango" hudhani ni njama ya kuwapunguza Waislamu. Kwa Buhaya shaka hii ina mizizi. Katika zama za ukoloni, nchi hii ilijulikana kwa uzazi mdogo kutokana na maradhi ya zinaa, hata Audrey Richards na Priscilla Reining wakafanya uchunguzi juu ya uzazi wa Buganda na Buhaya katika miaka ya 1950. Bibi zetu walilia kwa kukosa watoto. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini wakagunduliwa Kagera, na nyumba nyingi zikabaki na mayatima. Watu waliopitia hayo wana haki ya kuogopa neno lolote linalogusa tumbo la uzazi. Lakini hofu si dalili ya kisharia. Mama akifa kwa mimba zilizofuatana mno, naye pia ameacha mayatima.

Fiqhi inasemaje?

Jabir bin Abdullah (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje ili mimba isitunge, wakati Qur'ani ikiendelea kuteremka. Katika mapokezi ya Muslim imo kwamba habari hiyo ilimfikia Mtume (S.A.W.) naye hakuwakataza. Ibn Hazm (aliyefariki 456 H) aliiharamisha azl kwa kutegemea hadithi ya Judama bint Wahb. Jamhuri ya maulamaa hawakumfuata. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, Imam Nawawi aliiona ni makruhu, si haramu. Imam Ghazali (aliyefariki 505 H) katika Ihya aliijuzisha na akazipima nia: kumkinga mke na hatari ya uzazi ni nia inayokubalika, ama kuikimbia mimba kwa kuchukia kuzaa watoto wa kike ni nia mbovu.

Mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait ikapitisha mambo matatu. Kwanza, haijuzu kutunga sheria ya jumla inayowabana wanandoa katika uhuru wao wa kuzaa. Pili, ni haramu kuondoa uwezo wa kuzaa wa mume au mke bila dharura. Tatu, inajuzu kudhibiti uzazi kwa muda, kwa kupeana nafasi au kusimamisha, ikiwa kuna haja inayozingatiwa kisharia, wanandoa wameshauriana na kuridhiana, njia ni halali na haina madhara. Tanabahini: hapa hatuzungumzii kutoa mimba. Hiyo ina hukumu yake nzito.

Kwa hiyo Muislamu wa Muleba asichukue katazo la Papa akalifanya fatwa ya Kiislamu. Kisichotolewa hospitalini si lazima kiwe haramu msikitini.

Dhamiri ya mwenye mali na haki ya mfanyakazi

Suala hili halikuanza kwetu wala halituhusu sisi peke yetu. Marekani, baada ya sheria ya afya ya mwaka 2010 kuwataka waajiri waweke njia za uzazi wa mpango katika bima za wafanyakazi, kampuni ya Hobby Lobby ilikwenda mahakamani. Wenye kampuni, Wakristo, walipinga njia 4 kati ya 20. Tarehe 30 Juni 2014 Mahakama Kuu iliwapa ushindi kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji Ruth Bader Ginsburg alikuwa miongoni mwa waliopinga, akihofia kwamba imani ya mwajiri inabebeshwa wafanyakazi wasioishiriki.

Sisi tunalipima jambo hili kwa mlango wa ijara. Ujira ukishathibiti kwa kazi ni mali ya aliyefanya kazi. Mwajiri hana haki ya kuuliza utanunua nini nao, wala hapati dhambi kwa matumizi asiyoyaamrisha. Bima ni sehemu ya ujira. Kwa hiyo dhamiri ya mwajiri haiingii katika kadi ya mfanyakazi.

Ama hospitali, hali yake inafanana na wakfu. Maulamaa wamesema sharti la mweka wakfu huheshimiwa. Kanisa limeweka mali yake kwa sharti lake, na kumlazimisha sista atende kwa mkono wake analoliona ni dhambi ni dhulma. Leo tukilazimisha dhamiri yake, kesho daktari wa Kiislamu atalazimishwa lililo haramu kwake. Lakini mali ya umma ikichanganyika na wakfu, inakuja kanuni nyingine: tendo la mtawala kwa raia limefungwa na maslahi yao. Serikali inayoifanya hospitali ya Kanisa kuwa ya wilaya ina wajibu wa kuhakikisha huduma inayokosekana humo inapatikana jirani, katika zahanati au kituo cha afya cha umma, na kwamba mgonjwa anaambiwa waziwazi aende wapi. Kukataa kutenda ni haki ya dhamiri. Kumficha mgonjwa njia ni madhara, na Uislamu hautaki madhara wala kudhuriana.

Yanayotuhusu sisi

Kwanza, maimamu wawaeleze waumini hukumu hii kama ilivyo, bila haya na bila kuongeza. Pili, waume wajue kwamba ridhaa ni ya wawili. Mume anayemkatalia mkewe ushauri wa daktari, kisha akamwacha peke yake leba, atasimama mbele ya Mola wake.

Tatu, na hili ni zito zaidi, tujitazame sisi tunaoajiri. Shule zetu za Kiislamu zina walimu wa kike, na baadhi yao si Waislamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inakataza kumfukuza kwa sababu ya ujauzito na kumbagua kwa sababu ya dini. Mwenye shule anayemwachisha mwalimu kazi kwa sababu ya mimba, au asiyepeleka mchango wake wa bima, asilalamikie Hati ya 1992. Naye ameshika haki ya mtu.

Nne, tujenge. Sultani Qalawun alipoifungua bimaristani yake Cairo mwaka 683 H, iliwapokea wanaume na wanawake, tajiri na fukara, mwenyeji na mgeni. Siku Waislamu wa Kagera watakapokuwa na hospitali yao, itapokea akina mama wa Kikatoliki. Tutawatendea vile tunavyotaka wake zetu watendewe Rubya.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na kizazi chao, na atuongoze katika uadilifu. Wallahu a'lam.