Mtoto njiti, mama mfumaji na ngumi inayosimama: historia ya Shotokan kwa mama wa Moshi

Nesi wenu nimerudi, nimetoka zamu, mtori uko jikoni, watoto wamelala.

Wiki iliyopita niliweka picha ya miguu ya binti yangu, peku, juu ya sakafu ya saruji ya ukumbi wanaofanyia karate hapa mjini. Jamani, maswali! "Nesi mzima unampeleka mtoto wa kike akapigwe?" Mama mkwe wangu kule Kibosho hakuandika, alipiga simu kabisa. Nikaahidi nitajibu kwa kituo. Basi leo tunaongea historia, kwa sababu mimi mwenyewe niliposoma hiyo karate ya Shotokan ilitoka wapi, nilikuta humo mambo ya wodini kwetu. Nimeyagawa vipande vinne, soma taratibu ukinyonyesha.

KIPANDE CHA 1: MTOTO AMBAYE HAKUTARAJIWA

Mwaka 1868, mji wa Shuri, kisiwa cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Mama mmoja anajifungua kabla ya siku. Njiti. Hakuna mashine ya joto, na hakuna aliyemwambia mama amweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kama tunavyowafundisha ninyi leo. Watu wa nyumbani hawakutegemea kwamba atafikisha hata miaka mitatu. Akalelewa na babu na bibi wazaa mama, mtoto dhaifu, wa kuumwaumwa.

Mtoto huyo ni Funakoshi Gichin. Ndiye anayeitwa baba wa Shotokan.

Shuleni alifahamiana na mtoto wa bwana mmoja aitwaye Azato Anko, fundi wa karate. Enzi hizo karate haikutangazwa, ilifundishwa kwa siri, usiku. Funakoshi alikuwa anatembea gizani na taa mkononi mpaka uani kwa mwalimu, anarudia mfuatano mmoja wa hatua na mapigo, ambao wao wanauita kata, usiku baada ya usiku, miezi na miezi. Mwalimu hasemi "vizuri", anasema "rudia". Baada ya miaka michache kijana akashangaa: yule mgonjwamgonjwa hayupo tena.

Na sikiliza hili. Alitaka kuwa daktari. Alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, lakini familia yake ilikuwa ya kale, haikukubali akate kishungi cha nywele, na serikali mpya ya Japani ilikuwa imevikataa vishungi. Udaktari ukamponyoka kwa sababu ya nywele! Akawa mwalimu wa shule, kazi aliyoifanya takriban miaka 30.

Mwalimu wake mwingine, Itosu Anko, ndiye aliyeingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Akatengeneza kata tano fupi ili watoto wa shule waziweze. Ndizo zinazoitwa Heian, na ndizo mwanao atakazoanza nazo akiwa na mkanda mweupe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema karate si ya watoto, mwambie taratibu tu kwamba Heian zilitengenezewa darasani.

KIPANDE CHA 2: MAMA ALIYEBAKI NYUMBANI

Huyu historia humtaja kwa mstari mmoja, lakini mimi nilikaa naye muda mrefu.

Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo na nyumba ilikuwa na watu kama kumi. Mke wa Funakoshi alilima mboga na kufuma vitambaa ili ndani kuliwe. Mume wake aliandika kwamba mama huyu alizijua kata kwa kumwangalia yeye akifanya mazoezi, na kwamba siku akichoka sana, badala ya kujilaza, alitoka nje akafanya kata, akarudi kazini. Majirani wakigombana, walikwenda kwake awasuluhishe.

Sitaki mama mwenye uzazi wa wiki mbili asome hapa aseme "nesi kaniambia nisipumzike". Hapana. Lala mtoto akilala. Ninachosema ni kwamba karate hii ilishakaa kwenye mwili wa mama wa kawaida, mlima mboga, kabla haijafika kwenye viwanja vya dunia.

Mwaka 1922 Funakoshi akaitwa Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya michezo. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 50. Wakamwomba abaki afundishe, akabaki. Alipanga chumba kidogo kwenye bweni la wanafunzi, akafagia na kutunza bustani ili apate mahali pa kulala. Mke hakwenda. Alibaki Okinawa kutunza mambo ya mizimu ya ukoo, kama wazee wetu wasivyoweza kuacha kihamba chenye makaburi. Walikaja kuishi pamoja tena baada ya vita, yeye akiwa amekimbia kisiwa kilichoteketea. Mwaka 1947 mama huyo akafariki.

Nani alilipia karate ya dunia? Kila nikisoma hapo najibu: na yule mama.

KIPANDE CHA 3: UPEPO WA MISONOBARI NA KIFUA KIKUU

Jina Shotokan limetoka wapi? Funakoshi alipenda kuandika mashairi, na jina lake la kalamu lilikuwa Shoto, maana yake mlio wa upepo ukipita kwenye misonobari, hii tunayoiita mipaini. Kama umewahi kusimama kwenye msitu wa kupandwa wa Rongai au West Kilimanjaro jioni, mlio huo unaujua. Kan ni nyumba. Wanafunzi walipojenga ukumbi Tokyo miaka ya 1930 wakauita nyumba ya Shoto. Mwaka 1945 mabomu yakaubomoa.

Mwaka huohuo akafa mwanae, Yoshitaka, akiwa na miaka kama 39. Yoshitaka ndiye aliyeipa Shotokan sura unayoiona leo: miguu imepanuliwa sana, kiuno chini, mateke marefu. Na alikuwa na kifua kikuu tangu utotoni.

Hapa naomba mnisikilize kama nesi. Karate haikumponya Yoshitaka. Hakuna zoezi linaloponya TB. Dawa ya kwanza iliyoweza kuiua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943 huko Marekani, yeye haikumfikia. Hata sisi hapa, Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza mwaka 1926, na miaka ile ya mwanzo mgonjwa alipewa hewa ya mlimani, chakula na mapumziko, basi. Leo dawa zipo, za miezi, na ni bure. Mtoto akikohoa wiki mbili, akapungua uzito, akatoka jasho usiku, usimpeleke mazoezini "akapate nguvu". Mlete kituo cha afya.

KIPANDE CHA 4: MASHINDANO, NA SIKU YETU ARUSHA

Funakoshi hakutaka mashindano. Aliona ngumi ya karate haina mchezo, na mtu akishaanza kuhesabu pointi atasahau adabu. Chama cha Karate cha Japani, JKA, kilianzishwa mwaka 1949. Vijana wake, wakiongozwa na Nakayama Masatoshi, wakatafuta kanuni za kushindana bila kuuana. Funakoshi alifariki Aprili 1957, na mwaka huohuo ndipo mashindano ya kwanza ya Japani nzima ya JKA yakafanyika.

Kanuni yenyewe ni hii: piga kwa nguvu zako zote, lakini isimamishe kabla haijaumiza. Ukimgonga mwenzio usoni ukamuumiza unaonywa, na ikizidi unatolewa. Ngumi inayosimama ndiyo yenye thamani.

Wanawake walisubiri. Mashindano ya dunia yakawapokea mwaka 1980, Madrid. Karate ikaingia Olimpiki ya Tokyo Agosti 2021, na medali ya dhahabu ya kata kwa wanawake akaichukua Sandra Sánchez wa Hispania, akiwa na miaka 39. Wewe wa 28 unayesema umezeeka, soma tena hapo.

Kwetu Tanzania moto uliwaka miaka ya 1970. Mwaka 1973 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha Dar es Salaam mtindo mwingine wa Okinawa, Goju-ryu, na dojo la Zanaki likawa na jina. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bruce Lee ya Enter the Dragon, na vijana wakajazana sinema, wakatoka wanapiga mateke barabarani. Ndiyo maana wazee wetu wengi wakisikia karate wanawaza fujo. Shotokan nayo ikapata watu wake. Katika JKA ya hapa nchini jina linalotajwa sana ni la Sensei Jerome Mhagama.

Sasa, kwa nini nimehangaika hivi? Kwa sababu binti yangu naye ni njiti. Miezi saba. Nilimbeba kifuani kangaruu mimi na baba yake kwa zamu, na tangu siku ile namwona kama yai. Alipoomba kuingia karate akiwa na miaka 9 nilikataa mara mbili.

Mwaka jana akaenda mashindano Arusha. Pambano la pili, mtoto mwenzake hakuisimamisha ngumi. Ikatua mdomoni, damu ikachuruzika kwenye gi nyeupe. Mwamuzi akamtoa yule mtoto, akainua mkono upande wa wangu. Ameshinda. Mimi nimeshafika uwanjani na pamba, nimeshaamua kimoyomoyo kwamba imeisha, harudi tena.

Akalia. Nikadhani ni maumivu. Akaniambia, "Mama, sikushinda. Yeye ndiye alikosea." Kisha akaenda akamwinamia yule mwenzake aliyekuwa analia kuliko yeye.

Nilirudi nimekaa kimya ndani ya basi mpaka Moshi. Hajaacha karate. Ila mimi nina masharti, nawapa na ninyi.

Moja, kaa utazame mazoezi mara tatu kabla ya kulipa. Mwalimu anafundisha kusimamisha ngumi, au anasifia anayeumiza? Mbili, mtoto mdogo aanze na kata, mapambano baadaye, na kinga ya meno iwepo. Tatu, akigongwa kichwani, siku hiyo harudi uwanjani hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma, akiwa na usingizi usio wa kawaida, au akipata degedege, hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Nne, mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, na mwalimu ajue iko mfuko gani.

Mama mkwe nimemsomea haya yote kwenye simu. Akanyamaza, halafu akauliza, "Huyo njiti wa Japani aliishi miaka mingapi?"

Nikamwambia, alifika 88.

"Haya," akasema. "Mwambie mjukuu wangu Desemba akija aje na hiyo nguo nyeupe, nimwone."

Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Usiku mwema.