Msamaha uliochelewa miaka 90

Masomo: Matendo 15:36-40, 2 Timoteo 4:11



Abraham Bevistein alizaliwa Warsaw katika jamaa ya Wayahudi, nao wakahamia London angali mtoto. Vita ya 1914 ilipoanza, akajiandikisha jeshini kwa jina la Harris, ingawa umri wake haukutosha. Akawa askari wa kawaida wa Middlesex Regiment, akapelekwa Ufaransa.

Mwisho wa 1915 alijeruhiwa, akalazwa hospitalini, kisha akarudishwa vitani. Mwanzoni mwa 1916 akatoka kwenye mahandaki bila ruhusa. Alimwandikia mama yake kwamba alisikia baridi, akatoka, wakamfunga. Tribinali ya kijeshi ikamhukumu kifo. Tarehe 20 Machi 1916 akapigwa risasi huko Labourse. Alikuwa na miaka 17.

Mwaka 2006 Uingereza ikawasamehe askari 306 waliouawa hivyo, naye akiwamo. Msamaha ulimkuta kaburini.

Yohana Marko naye aliwaacha wenzake kule Pamfilia. Paulo akakataa kwenda naye tena, lakini Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, akaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa.

Nidhamu ni ya lazima kanisani. Lakini aliyeadhibiwa apate njia ya kurudi. Je, nani aliondolewa katika kwaya au huduma yenu, na hakuna aliyemtembelea? Mwendee wiki hii, angali hai.