Bastola ya Kibindoni: Ruhusa, Leseni na Historia ya Sheria za Marekani

Katika midahalo ya shule zetu hutokea mara kwa mara hoja isemayo kwamba raia anayetaka kutembea na silaha aliyoificha nguoni hana budi kuwa na leseni. Wanafunzi huishindania hoja hii kwa ufasaha wa kupendeza, lakini mifano yao karibu yote huitoa katika filamu za Kimarekani, na filamu hizo huwapotosha. Wao hudhani kwamba hapo zamani kila Mmarekani alijitilia bastola kiunoni apendavyo, kisha serikali za siku hizi zikaja kudai vibali. Mambo hayakwenda hivyo, na kwa sehemu kubwa yalikwenda kinyume chake. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaandalie walimu wenzetu maelezo haya, ili mdahalo ujao uwe na msingi ulio imara zaidi.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, nayo risasi asili yake ni jina la madini yenyewe. Ruhusa nayo ni ya Kiarabu. Leseni imetoka Kiingereza. Watu wengi huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, walakini sisi twaona kuna tofauti ya kufaa kuhifadhiwa. Ruhusa huombwa kwa mtu, na mtu huyo aweza kuitoa au kuinyima kwa kadiri ya hisani yake. Leseni, kwa maana iliyo kamili, hutolewa na sheria: aliyetimiza masharti hupewa, asiyetimiza hapewi. Msomaji ataona kwamba ugomvi wote wa Wamarekani juu ya jambo hili, tangu karne ya 19, umezunguka katika tofauti hiyo.

Sheria za kwanza hazikutaja leseni kabisa. Zilikataza. Mwaka 1813 majimbo mawili, Kentucky na Louisiana, yalipiga marufuku kubeba silaha kwa kuificha. Sheria ya Kentucky iliorodhesha bastola ya mfukoni, jambia, kisu kikubwa, na upanga uliotiwa ndani ya bakora, ikamwachia msafiri tu aliye njiani. Faini yake ilikuwa si chini ya dola 100, fedha nyingi mno kwa siku zile. Majimbo mengine yakafuata: Indiana mwaka 1820, Tennessee mwaka 1821, Georgia mwaka 1837, Virginia mwaka 1838, Alabama mwaka 1839. Sababu ilikuwa ugomvi wa vilabuni na desturi ya kulipizana kisasi kwa ajili ya heshima, ambapo neno moja la kuudhi lilitosha kuwatoa watu visu vilivyokuwa vimelala ndani ya makoti.

Yapasa tuzingatie kwamba waliotunga sheria hizo hawakuichukia silaha yenyewe. Walichukia kuificha. Mahakama ya Georgia, katika kesi ya Nunn ya mwaka 1846, iliamua kwamba jimbo laweza kukataza silaha iliyofichwa, lakini halina mamlaka ya kukataza ile inayochukuliwa wazi. Mahakama ya Louisiana mwaka 1850 ikafuata njia hiyo hiyo. Wazo hili si geni kwa mtu aliyewahi kuishi pwani yetu. Mwungwana wa Unguja au wa Omani aliyevaa jambia lake mbele ya tumbo hakumtisha mtu. Lilikuwa pambo la heshima, na kila aliyekutana naye aliliona. Mwenye kisu ndani ya kanzu ni mtu mwingine kabisa, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo hukumu hazikuwa za namna moja. Mwaka 1822 mtu mmoja wa Kentucky, Bliss, aliyetozwa faini kwa ajili ya upanga ndani ya bakora, alikata rufani akashinda: mahakama ilisema katiba ya jimbo haikutofautisha silaha ya wazi na ya siri. Ikawalazimu wananchi wa jimbo lile kusubiri katiba mpya ya 1850, ndipo bunge lao likapewa uwezo wa kuzuia silaha za kufichwa.

Wakati huo huo mafundi walikuwa wakiifanya bastola iwe ndogo na kali zaidi. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda inayozunguka mwaka 1836. Henry Deringer wa Philadelphia alitengeneza bastola fupi iliyoenea katika kiganja cha mkono, na ni bastola ya namna hiyo aliyoingia nayo John Wilkes Booth katika jumba la michezo usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akampiga Rais Lincoln.

Mwaka huo wa 1865 ndipo leseni ilipoingia katika historia hii kwa sura mbaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha na utumwa ulikuwa ukifutwa. Bunge la Mississippi likatunga sheria mwezi Novemba kwamba mtu mweusi aliye huru, asiyekuwa katika jeshi la Marekani, asiweke wala asichukue bunduki ya aina yoyote bila leseni ya baraza la wilaya yake. Mzungu hakuhitaji leseni hiyo. Florida nayo mwaka 1893 ilidai leseni kwa kila mtu anayechukua bastola au bunduki ya kufyatua mfululizo, na maneno ya sheria hayakutaja rangi. Lakini mwaka 1941 jaji mmoja wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, Buford, aliandika bila kificho kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, na kwamba haikukusudiwa kamwe kutumika juu ya wazungu. Twawaomba walimu wasiipite habari hii haraka. Mwanafunzi anayetetea leseni lazima aijue, la sivyo mpinzani wake atamshinda kwa haki.

Afrika yenyewe ilionja dawa hiyo hiyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao Sultani wa Zanzibar na Marekani walikuwa miongoni mwa waliotia saini, ulizuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya bara letu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hatulipuuzi, kwa kuwa bunduki ndizo zilizowatia nguvu wateka watu. Lakini mkataba uliwaachia watawala wenyewe kuamua ni nani mwenye kuaminika, na si vigumu kukisia ni nani hakuaminika.

Turudi Marekani, kwenye zile filamu. Mji wa Tombstone katika Arizona hutajwa kama kitovu cha uhuru wa bastola. Kumbe mwezi Aprili 1881 baraza la mji lilikataza mtu yeyote kuchukua silaha ya hatari ndani ya mipaka yake bila kupata kwanza kibali cha maandishi. Mapigano mashuhuri ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ya akina Earp na wapinzani wao, yalianza kwa jaribio la kuitekeleza amri hiyo. Watengenezaji wa filamu hawakuona raha ya kumwonyesha shujaa akidai cheti.

Leseni ya miji mikubwa ilizaliwa New York. Mwezi Agosti 1910 meya wa mji huo, William Gaynor, alipigwa risasi na mtu aliyeachishwa kazi. Mwezi Januari 1911 mwandishi wa riwaya David Graham Phillips aliuawa barabarani na mtu aliyedhani ametukanwa ndani ya kitabu. (Sisi tunaoandika tuvumilie barua za wasomaji.) Seneta Timothy Sullivan akapitisha sheria iitwayo kwa jina lake, iliyodai leseni kwa kila bastola inayoweza kufichwa, na mwaka 1913 ikaongezwa kwamba mwenye kutaka kuichukua kwa siri aonyeshe sababu ya kutosha. Sababu ya kutosha ni ipi? Aliyejibu ni ofisa aliyekalia kiti. Majimbo mengine yakaiga mtindo huo, na ilivyokuwa ni hivi: tajiri anayefahamika alipata, mhamiaji wa Kitaliano hakupata.

Mfano mzito kuliko yote ni wa mwaka 1956. Tarehe 30 Januari nyumba ya Martin Luther King mjini Montgomery ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwamo ndani. King aliomba kibali cha kuchukua silaha kwa siri. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kutosha katika Alabama yote, ndiye huyo. Wakuu wa huko wakamnyima. Baadaye King mwenyewe aliziacha bunduki kwa imani yake, lakini hilo halimwondolei lawama aliyekataa.

Basi haishangazi kwamba wengine walidai leseni iwe haki badala ya hisani. Jimbo la Washington lilifanya hivyo mwaka 1961. Florida ilifuata mwaka 1987, na mfano wake ukaenea kwa kasi: mwenye miaka 21, asiyepatikana na hatia ya jinai kubwa, aliyepata mafunzo, lazima apewe. Katika Texas badiliko lilitokana na msiba. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mmoja aliwaua watu 23 ndani ya mkahawa mjini Killeen. Suzanna Gratia aliyekuwa pale alikuwa ameiacha bastola yake ndani ya motokaa kwa kuitii sheria, na wazazi wake wote wawili wakauawa. Alieleza habari hiyo mbele ya mabunge mengi, na mwaka 1995 Texas ikapitisha sheria ya leseni.

Je, sheria hizo zimepunguza uhalifu? John Lott na David Mustard walidai mwaka 1997 kwamba zimepunguza. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likapima hoja hizo mwaka 2004, likaona ushahidi hautoshi kuthibitisha kupungua wala kuongezeka. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake wakakadiria kwamba baada ya miaka kumi uhalifu wa mabavu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Sisi twaelemea upande huu wa mwisho, na twaona leseni ni ya lazima: mtu asiyeonwa silaha yake awadai wenzake imani ambayo hawakupewa nafasi ya kuipima, na yapasa mwingine aipime kwa niaba yao. Lakini iwe leseni kwa maana tuliyoitaja mwanzoni, yenye masharti yaliyoandikwa, na aliyenyimwa aelezwe sababu na aweze kwenda mahakamani.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilifika karibu na hapo tarehe 23 Juni 2022. Kwa majaji sita dhidi ya watatu iliifuta ile sababu ya kutosha ya New York, bali haikukataza leseni yenye masharti ya wazi.

Mabunge ya majimbo, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kushika njia nyingine. Vermont haikudai leseni kamwe, na mwaka 1903 mahakama yake ilitangua amri ya mji wa Rutland iliyotaka idhini ya meya au mkuu wa polisi. Kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Alaska iliondoa sharti hilo mwaka 2003. Arizona, yenye mji wa Tombstone, mwaka 2010. Texas mwaka 2021. Hadi mwisho wa 2024 majimbo yasiyodai leseni yalikuwa 29 kati ya 50. Kentucky iliyotangulia kukataza mwaka 1813 iliingia katika idadi hiyo mwaka 2019, na mwenziwe wa mwaka ule, Louisiana, tarehe 4 Julai 2024. Kentucky iliendelea kutoa leseni kwa anayeitaka, kwa kuwa raia wake akivuka mpaka kuingia jimbo jirani aweza kuulizwa cheti.