Msamaha na Damu: Historia ya Swali Moja la Kikristo na Msamiati Wake wa Kiswahili

Miongoni mwa maswali ambayo imani ya Kikristo imeulizwa tangu mwanzo wake, na wafuasi wake na wasio wafuasi wake, limo hili: ikiwa Mungu ni mwenye rehema na ana uwezo wa kusamehe, kwa nini msamaha wake uhitaji kafara? Binadamu akikosewa na jirani yake aweza kusema "yamekwisha", na yakawa yamekwisha. Yawaje basi Muumba asiweze jambo ambalo kiumbe wake analiweza?

Mara nyingi swali hili hujibiwa kana kwamba Kanisa limekuwa na jibu moja tangu siku za mitume. Historia yaonyesha vingine. Mitaguso mikuu ya karne za kwanza ilieleza kwa makini kabisa Kristo ni nani, lakini haikutoa fasili ya namna kifo chake kilivyoleta msamaha. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi kila zama iliweka jibu lake, na kila jibu liliazimwa kutoka katika shughuli iliyofahamika vyema na watu wa zama hizo: ukombozi wa mateka, heshima ya bwana mbele ya watwana wake, hukumu ya mahakama. Makala haya yanakusudia kuyafuata majibu hayo kwa utaratibu wa wakati, kisha kuonyesha kwamba maneno ya Kiswahili yaliyochaguliwa kulieleza jambo hili yameyabeba majibu hayo yote kwa pamoja, na kwamba kubadilika kwa maana ya neno moja tu kwaweza kumbadilishia msomaji imani anayoisoma.

1. Sadaka katika Agano la Kale

Chanzo cha msamiati wote ni ibada ya Waisraeli. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika katika kitabu cha Walawi ni kipper. Mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu uliozaa neno kafara, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama maana yake ya asili ni kufunika au kufuta. Jambo la kuangaliwa ni sarufi yake. Katika maandiko ya makuhani, Mungu hawi yambwa ya kitenzi hiki; haisemwi kwamba kuhani "anamtuliza" Mungu. Kinachosafishwa ni madhabahu, ni hema, ni mtu aliyekosa. Jacob Milgrom, katika ufafanuzi wake wa Walawi ulioanza kutoka mwaka 1991, alishikilia kwamba damu ya sadaka ya dhambi ilikuwa kitu cha kusafishia patakatifu palipochafuliwa na makosa ya watu. Tena Walawi 17:11 panaeleza kwamba damu hiyo imetolewa na Mungu kwa watu ili itumike madhabahuni. Mtoaji wa kwanza, basi, si mwanadamu.

Wala damu haikuwa sharti lisilo na nafuu. Walawi 5:11 panamruhusu maskini asiyeweza kupata hata makinda ya njiwa alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, na dhambi yake isamehewe. Manabii Hosea na Mika walikwenda mbali zaidi, wakaweka rehema na haki juu ya sadaka za kuteketezwa. Na Waraka kwa Waebrania, ambao katika 9:22 unafungamanisha ondoleo la dhambi na damu, unaitanguliza kauli hiyo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "karibu": karibu vitu vyote husafishwa hivyo katika torati. Neno hilo dogo husahauliwa mara nyingi.

Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, waliohitaji jibu walikuwa wawili. Marabi, wakifuata mafundisho yanayohusishwa na Yohanan ben Zakkai, walisema kwamba matendo ya huruma, sala na toba vyatosha. Wakristo walisema kwamba sadaka imekwisha kutolewa mara moja, haitarudiwa. Majibu haya ni ndugu wa zama moja, yaliyozaliwa katika msiba mmoja.

2. Fidia alilipwa nani?

Katika Marko 10:45 maisha ya Kristo yanaitwa lytron, yaani mali itolewayo ili mateka au mtumwa aachiliwe. Katika dunia ya Kirumi neno hili halikuwa fumbo. Watu walinunuliwa na kukombolewa kila siku. Lakini mfano wa soko huzaa swali la soko: mali hiyo alikabidhiwa nani? Origen, katika karne ya 3, alielekea kujibu kwamba alikabidhiwa Ibilisi, aliyekuwa amewashika wanadamu. Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, aliongeza mfano wa ndoana: Ibilisi aliumeza mwili kama samaki amezavyo chambo, akanaswa na uungu uliofichika ndani yake.

Gregory wa Nazianzus, aliyeishi wakati huo huo, aliukataa mfano huo. Kumlipa mnyang'anyi, aliona, ni aibu. Kumlipa Baba nako hakuingii akilini, kwa kuwa si Baba aliyewashika watu mateka, na hata Isaka alipotolewa na babaye hakupokelewa. Kwa maoni yake Baba aliipokea sadaka ya Mwana bila ya kuidai na bila ya kuihitaji. Athanasius wa Aleksandria alikuwa amekwisha kulikabili swali lenyewe kwa njia nyingine. Aliuliza kama toba peke yake isingetosha, akajibu kwamba ingetosha kama dhambi ingalikuwa kosa tu. Lakini dhambi ilikuwa imeleta uharibifu na mauti katika maumbile ya mtu, na aliye mgonjwa hapoi kwa kuambiwa kwamba amesamehewa. Haja ya kifo cha Kristo, katika fikira hii, haimo moyoni mwa Mungu; imo katika hali ya mwanadamu.

3. Heshima, deni na hukumu

Mwaka 1098 Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake Cur Deus Homo, kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo kati yake na mwanafunzi wake Boso. Humo swali la makala haya linaulizwa waziwazi: je, yafaa Mungu asamehe kwa rehema tu, pasipo malipo? Anselm alijibu kwamba haifai. Aliyemvunjia bwana heshima hana budi kuirudisha na kuongeza juu yake, la sivyo aadhibiwe. Na kwa kuwa heshima iliyovunjwa ni ya Mungu, hakuna awezaye kuilipa ila aliye Mungu, wala hakuna apaswaye kuilipa ila mwanadamu. Mfano huu ni wa Ulaya ya mabwana na watwana, ambamo heshima ya bwana ndiyo iliyoshikilia utaratibu wa jamii nzima. Pamoja na hayo, Anselm alimwondoa Ibilisi katika hesabu: mdai sasa ni Mungu mwenyewe.

Upinzani haukukawia. Peter Abelard, aliyefariki mwaka 1142, katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi alishangaa kwamba mtu aweza kumdhania Mungu kuridhika na damu ya asiye na hatia. Kwake yeye msalaba ni ufunuo wa upendo uwashao upendo katika mioyo ya watu. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alishika njia ya kati. Hakimu wa kibinadamu, alisema, hawezi kuachilia kosa lililotendwa dhidi ya mwingine. Lakini Mungu hana mkubwa juu yake, na akisamehe kosa alilotendewa yeye mwenyewe hamdhulumu mtu. Angaliweza, basi, kusamehe bila ya malipo. Njia ya msalaba haikuwa ya lazima kwa maana hiyo. Ilikuwa njia iliyofaa zaidi.

Katika karne ya 16 mfano ulihamia mahakamani. Jean Calvin, aliyekuwa amesomea sheria, alimweleza Kristo kuwa amesimama mahali pa mwenye hatia na kuibeba adhabu yake. Hapo ndipo Fausto Sozzini alipotoa pingamizi ambalo halijapoteza makali yake. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594 alisema kwamba malipo na msamaha ni mambo mawili yanayokanushana: deni lililolipwa halikusamehewa, na deni lililosamehewa halikulipwa. Hugo Grotius alimjibu mwaka 1617 kwamba Mungu hapa asifikiriwe kama mdai, bali kama mtawala ambaye hana budi kuilinda sheria hata anaposamehe. Mwaka 1930 Gustaf Aulén wa Uswidi aliurudia mfano wa kale, akidai kwamba kiini cha imani ya mababa wa Kanisa kilikuwa ushindi wa Mungu dhidi ya nguvu zilizowatawala wanadamu.

4. Msamiati wa Kiswahili

Habari hii yote ilikuwa nyuma ya wafasiri walipoanza kazi yao pwani ya Afrika ya Mashariki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, soko la watumwa likingali wazi. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa mahali pake chini ya uongozi wa Steere. Maneno kukomboa na mkombozi, basi, hayakuingia katika tafsiri kutoka vitabuni. Yalikuwa maneno ya watu walioonekana njiani.

Pwani hiyo ilionyesha pia kwamba ukombozi ni wa namna mbili. Watumwa waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza waliachiliwa bila ya wamiliki kulipwa chochote, na baadhi yao wakapelekwa Freretown, karibu na Mombasa. Lakini mnamo Januari 1889, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni kama Rabai walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki kukubaliana na wamiliki juu ya malipo. Wa kwanza waliokolewa kwa nguvu iliyomshinda mshikaji. Wa pili kwa mali iliyomridhisha. Mifano iliyowatenga Aulén na Origen ilikuwa imesimama bega kwa bega katika mwambao mmoja, na kitenzi kimoja, kukomboa, kikaitumikia yote miwili.

Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, inatumia fidia katika Marko 10:45. Neno hili la Kiarabu lina mzizi mmoja na neno la Kiebrania la kumkomboa mtu kwa mali, na kwa maana yake ya asili linalingana vizuri na lytron. Lakini matumizi yamehama. Katika mahakama na ofisi za leo fidia ni malipo apewayo aliyedhurika: aliyepoteza shamba, aliyeumia kazini. Msomaji mwenye maana hii akilini haulizi tena mateka alishikwa na nani. Anauliza aliyedhurika ni nani, na jibu analolipata ni Mungu. Hivyo mtu aweza kuwa mfuasi wa Anselm kwa kusoma neno moja, ingawa sentensi haikusema hayo.

Neno la pili ni upatanisho. Katika Walawi 16 linasimama mahali pa kipper. Katika Warumi 3:25 linasimama mahali pa hilasterion, neno ambalo katika Waebrania 9:5 limefasiriwa "kiti cha rehema". Na katika Warumi 5:11 neno lile lile upatanisho linasimama mahali pa katallage, ambalo ni kurudisha urafiki. Kwa hiyo dhana mbili za Kigiriki, ya kusafisha dhambi na ya kusuluhisha watu, zimepewa neno moja, na neno moja la Kigiriki limegawanywa mara mbili. Aidha, kupatanisha katika Kiswahili huhitaji pande mbili zilizogombana na mtu wa kati. Ni rahisi msikilizaji kudhani kwamba Mwana alimpoza Baba, ilhali katika 2 Wakorintho 5 anayepatanisha ni Mungu mwenyewe, na anayepatanishwa ni ulimwengu.

La tatu ni kafara, lililo karibu zaidi na kipper kwa nasaba. Katika sheria ya Kiislamu kafara ya kiapo kilichovunjwa ni kulisha au kuvika maskini kumi, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku tatu, damu haimo. Katika desturi za pwani kafara ni kitu kitolewacho ili kiondoke na balaa. Maana zote mbili hazina mdai anayesubiri kuridhishwa. Kwa upande huo neno hili lina ukaribu na ibada ya Walawi ambao upatanisho hauna. Hatimaye lipo ondoleo, tafsiri ya aphesis, neno la kuachilia deni na kufungua wafungwa. Katika istilahi zote zilizotajwa, hili peke yake halisemi lolote juu ya malipo.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba swali "kwa nini msamaha ulihitaji kafara" limejibiwa kwa njia zisizopungua nne, na kwamba wakubwa wa mapokeo yenyewe, akina Gregory wa Nazianzus na Aquinas, walikataa kuifanya damu kuwa hitaji la Mungu. Walichokubaliana wengi wao ni kwamba msamaha wa kweli una gharama kwa anayesamehe, na kwamba dhambi ni uharibifu unaotaka kuponywa pamoja na kuachiliwa. Yaliyobaki ni mifano, na kila mfano una mipaka ya jamii iliyouzaa.

Kwa mwanaisimu jambo hili si la kanisani tu. Fidia, upatanisho, kafara na ondoleo si visawe, na kamusi inayovieleza kwa maneno yale yale inaficha mjadala wa karne nyingi. Inafaa maana ya kale ya fidia, ile ya mali ya kumtoa mateka, itengwe na maana yake ya kisheria ya leo, na mifano ya kila moja itolewe. Wafasiri wajao nao watakuwa na wajibu wa kujiuliza, kabla ya kuliweka neno, ni shughuli gani ya kijamii litakayoiamsha akilini mwa msikilizaji. Katika suala hili neno likikosewa, anayebadilika sura mbele ya msomaji ni Mungu mwenyewe: mwokoaji aliyetoa huonekana mlalamikaji aliyelipwa.