Historia ya Sabuni na Maji ya Nyanza

Mwezi huu twataka kueleza habari za kitu kidogo kisichokosekana katika nyumba zetu, nacho ni sabuni. Wako watu wadhanio ya kuwa sabuni ni kitu cha dukani tangu mwanzo, wala haina asili nyingine. Sivyo. Sabuni ilianza jikoni, katika majivu na mafuta, na hata leo yaweza kupikwa huko. Lakini sisi tukaao kando ya Nyanza tuna neno la pili la kujifunza katika historia hii, nalo ni hili: maji yaliyokwisha kufulia huenda wapi?

Neno sabuni liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kitu chenyewe ni cha kale. Nabii Yeremia, katika sura ya pili, ataja magadi na sabuni pamoja. Magadi hupatikana katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron na Magadi. Mahali pengine palipo na miti na migomba, mama zetu walipata dawa ya jamii hiyo katika majivu. Waliyachuja kwa maji, wakatumia maji yale kulainishia maharage na mboga.

Hapo kale Wasukuma wengi walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta, na ng'ambo ya ziwa Waganda walivaa nguo za magome ya miti. Mavazi hayo hayafuliwi kama pamba. Kwa hiyo haja ya sabuni ilikua pamoja na nguo za pamba, hasa merikani, zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Halafu reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa. Na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Basi sabuni za viwandani zikaenea madukani, na watu wengi wakaacha kuwaza majivu.

Huko Ulaya nako majivu yalikuwa yamekwisha achwa. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya njia yake ya kufanya soda kwa chumvi ya kawaida, na tangu hapo viwanda vilianza kujitegemea. Lakini duka likikauka, jiko hukumbukwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi yetu iliingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Sabuni ikawa adimu kama sukari. Wazee wetu wanakumbuka jinsi walivyofua kwa majani ya mpapai.

Yafaa tueleze namna ya kupika sabuni ya majivu. Twaa majivu meupe ya kuni ngumu, au ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kuchomwa. Toboa matundu madogo chini ya chungu, tandika nyasi kavu, kisha jaza majivu. Mafundi wa zamani waliyachanganya na chokaa iliyochomwa, ili maji yapate ukali zaidi. Mimina maji ya mvua kidogo kidogo, ukikinga yale yatokayo chini, nayo yatakuwa na rangi kama ya chai. Yapitishe tena katika majivu mapya mpaka yai likielea ndani yake, sehemu ndogo tu ya ganda ionekane juu. Kisha yachemshe, utie mafuta kidogo kidogo, kama ya mbegu za pamba, ya mawese au ya ng'ombe, ukikoroga kwa mwiko wa mti hata mchanganyiko uwe mzito na mafuta yasielee tena. Sabuni hii ni laini kama uji. Ukitaka igande, tia chumvi nyingi.

Jihadharini, maana maji haya huunguza ngozi na kupofusha macho. Watoto wakae mbali, wala sufuria ya alumini isitumike, kwa kuwa maji hayo huila. Yakikurukia, nawa papo hapo kwa maji mengi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sabuni haiuui uchafu. Huuondoa katika nguo na kuutia katika maji. Katika karne ya 20 viwanda vilitoa sabuni mpya za unga, na nyingi zilitiwa fosfeti ili zipate povu na nguvu hata katika maji magumu. Fosfeti ni chakula cha mimea ya majini. Mwaka 1973 wataalamu wa Kanada waliligawa ziwa dogo kwa pazia katikati. Pande zote mbili walitia mbolea, ila upande mmoja wakaongeza fosforasi, na upande huo ukageuka kijani kwa mwani. Mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka kikomo kidogo sana cha fosforasi katika sabuni za kufulia nyumbani.

Hatusemi kwamba sabuni peke yake ndiyo iliyoharibu Nyanza. Udongo uchukuliwao na mvua kutoka mashambani, maji machafu ya miji na moshi wa mioto vimeleta sehemu kubwa. Lakini ziwa letu lina mto mmoja tu utokao, nao ni Naili. Liingialo humo hukawia kutoka. Magugu maji yaliyoenea tangu mwisho wa miaka ya 1980 yalistawi kwa kupata chakula kingi namna hiyo.

Tena iko hatari iliyo karibu zaidi, nayo ni kichocho. Mdudu wake hukaa katika konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji. Basi afuaye ziwani, na mtoto achezaye kando yake, hujiweka katika njia ya mdudu huyo. Mwaka 1964 daktari Mhabeshi, Aklilu Lemma, aliona kule Adwa ya kuwa konokono walikuwa wamekufa chini ya mahali wanawake walipofua kwa matunda ya mmea uitwao endodi. Ugunduzi ule ulionyesha ya kuwa maarifa ya wafuaji wa kijijini yastahili kuchunguzwa na wataalamu.

Tufanyeje basi? Tuteke maji, tufulie nyumbani au mbali na ufuo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 za ufuo, kazi ziwezazo kuharibu hifadhi ya ziwa. Hiyo ni alama njema ya kufuata. Maji machafu tuyamwage juu ya nchi kavu, yanywewe na udongo, hata kama sabuni ni ya majivu, maana nayo huua samaki wachanga. Na tukinunua sabuni ya unga, tusome maandishi ya pakiti, tukichagua isiyo na fosfeti.

Mama zetu walijua kutoa sabuni katika majivu. Kazi iliyotubakia ni kubeba ndoo hatua sitini na zaidi kutoka ufuoni, ili maji tuyafuliayo leo yasiwe ndiyo tutakayoyanywa kesho.