Betri zimevuja kwenye tochi? Fanya hivi, na usidanganyike unaponunua nyingine

Umeme umekatika, unashika tochi, unabonyeza, haiwaki. Ukifungua unakuta unga mweupe na kutu kwenye springi. Kwa mkazi wa Singe, Babati, hilo sio jambo dogo. Viboko wa Ziwa Babati hutoka majini usiku kutafuta majani, na anayetembea gizani lazima aone mbele yake.

Kwa nini zinavuja?

Betri ya kawaida imefunikwa na kopo la zinki. Zinki hiyo ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane. Kadiri unavyoitumia, kopo linakuwa jembamba hadi linatoboka na kemikali zinatoka nje.

Betri ya alkalini haitoboki hivyo. Ila ikiisha nguvu hujaa gesi ya haidrojeni, presha ikizidi kizibo kinaachia. Majimaji yake yanaunguza ngozi na macho.

Utazijuaje? Soma maandishi. Betri kubwa ya kawaida ni R20, ya alkalini ni LR20. Ndogo ya rimoti ni R6 au LR6. Hiyo "L" ndiyo alkalini.

Makosa matatu ya kila siku

1. Kuacha betri zilizoisha ndani ya tochi.
2. Kuchanganya mpya na za zamani. Iliyochoka inalazimishwa kufanya kazi kupita uwezo wake, halafu inavuja.
3. Kuanika betri juani "zipate nguvu". Joto linazishtua kwa muda mfupi tu, baada ya hapo zinavuja haraka zaidi.

Zikishavuja

Vaa glavu, toa betri zote. Kama ni za alkalini, futa kwa pamba yenye matone ya siki au limau. Kama ni za kawaida, tumia kitambaa chenye unyevu. Kausha vizuri, kisha sugua vyuma kwa msasa laini mpaka ving'ae.

Majimaji yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, halafu wahi kituo cha afya. Usichome betri moto, na usiwape watoto wachezee.

Ukienda dukani

Fungua tochi kabla hujalipa. Springi ziwe imara, bila kutu, na mfuniko ujifunge vizuri kwa nati zake.

Usidanganyike na namba kubwa za lumeni. Tochi ndogo ya bei chee iliyoandikwa maelfu ya lumeni, itilie shaka. Kwa njia ya nyumbani, lumeni 100 za kweli zinatosha.

Tafuta alama ya maji. IPX4 inavumilia manyunyu ya mvua. IPX7 inavumilia kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30.

Tochi ya kuchaji inakupunguzia gharama ya betri. Lakini uliza kama betri yake inatoka. Nyingi zinatumia 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, na unaweza kubadilisha. Iliyofungiwa moja kwa moja ikifa, mara nyingi na tochi ndiyo basi. Betri ya kuchaji ikivimba, acha kuitumia hapo hapo.

La kukumbuka

Kama tochi ni ya dharura tu, toa betri na uziweke pembeni yake, mahali pakavu na penye ubaridi. Kuzirudisha ni sekunde chache, na tochi yako itadumu.